Mkamwana Mla Kumbikumbi

Nyaruai alikuwa fundi wa nguo huko Matisi, mjini Kitale, na hakuna mwanamke mtaani aliyekuwa na kucha fupi kama zake. Alizikata kila Jumamosi, maana akizisahau alijichuna ngozi mwenyewe. Mwasho ulimjia mara tatu kwa mwaka: Januari, Mei na Septemba. Ulianzia kwapani, ukashuka mapajani, kisha mabaka mekundu yakamtapakaa tumbo zima. Alijikuna kwa kitana, akajikuna kwa gunzi la mahindi, na siku moja mteja alimkuta akijisugua mgongo kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe. Mteja alijifanya anatazama barabarani.

Adui yake alimjua, au alidhani anamjua. Miezi hiyo mitatu ndiyo shule hufunguliwa, na fundi hushona sare za wanafunzi mpaka macho yamtoke. Basi mchawi ni kitambaa. Akabadilisha duka la vitambaa. Akaanza kuloweka kila kipande kwenye maji ya chumvi kabla ya kukikata. Akaacha sabuni ya unga, akarudia ya mche. Jirani yake Jepkosgei alimletea magome ya mti kutoka Kapsokwony, akayachemsha na kuyaoga wiki nzima. Yalimwachia rangi ya chai, na mwasho ukabaki pale pale. Vidonge vya duka la dawa vilimsaidia kulala, tena kulala kupita kiasi. Akiwa na usingizi wake huo alimshonea mtoto wa watu mfuko wa shati mgongoni.

Kanisani walimwombea. Wengine walinong'ona, kwa kuwa miaka ile mtu akitokwa na vipele watu walikuwa na jina moja tu la ugonjwa. Nyaruai alikwenda kupimwa, akakutwa mzima, akaiweka karatasi ya majibu kwenye droo ya cherehani ili amwonyeshe yeyote atakayeuliza. Hakuna aliyeuliza. Watu hawaulizi, wanapeleka tu kitambaa chao kwa fundi mwingine.

Jambo moja halikumjia mtu akilini, nalo ni kwamba shule haifunguliwi bila kufungwa kwanza. Kila likizo mumewe Kizito, mwalimu wa shule ya msingi, alimchukua wakaenda kwao Bungoma kwa mama yake, Dinah. Huko ndiko Nyaruai alikokuwa na sifa yake.

Sifa hiyo aliipata mwaka 2000, alipopelekwa kuonyeshwa nyumbani. Kwa wazazi wa Nyaruai, Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia kulima, kumbikumbi ni takataka ya kufagiwa mlangoni mvua ikishanyesha. Kwa Dinah ni kitoweo cha heshima. Basi sahani ya kumbikumbi waliokaangwa ikaletwa, na wanawake wa kijiji wakasongamana sebuleni kuona kama mtoto wa watu atatapika. Nyaruai alichota kiganja kizima, akatafuna, akameza, akaomba tena. Walimpigia vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Habari ilifika kisimani, sokoni na kanisani: mkamwana wa Dinah anakula kumbikumbi! Dinah, ambaye mashoga zake walikuwa wamemwonya kwamba mwanawe ameoa mtu atakayewadharau, alitembea kifua mbele mwezi mzima.

Tangu siku hiyo Nyaruai hakukosa fungu lake. Msimu ukiwa umepita, alipewa waliokaushwa. Dinah alimlisha kila ziara, kisha akamfungia mkebe wa kwenda nao Kitale. Mkebe ulidumu wiki mbili tatu, na mwasho vivyo hivyo.

Kitu ambacho Dinah hakumpa ni kazi. Hata kijiko hakumruhusu aoshe. Alimkalisha kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, akamletea chakula hapo hapo, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba wasichana wa Kikuyu ukiwachosha hufunga virago. Nyaruai alikula na kutabasamu. Moyoni aliogopa. Alihisi kwamba katika boma lile alishikiliwa na kumbikumbi tu, na siku atakayowakataa atageuka kuwa yule mwanamke wa kudharau aliyetabiriwa na mashoga.

Mei mwaka 2006 mwasho ulimshinda. Alifunika cherehani, akamwacha Kizito na wanafunzi wake, akaenda Bungoma kupumzika mbali na vitambaa.

"Umekonda, mwanangu," Dinah alisema akimpokea mfuko. "Hapa utakura mpaka ngozi irudi."

Kumbikumbi walikuwa wengi mwaka huo. Dinah aliwatwanga akawatia kwenye mboga, akawakaanga, akamletea na bakuli la kutafuna kati ya chakula na chakula. Siku ya nne, Nyaruai akiwa bado kwenye kochi, midomo ilimvimba, macho yakazibika, na kifua kikaanza kupiga mluzi. Kijana wa bodaboda alimpakia kwenye baiskeli akanyonga hadi zahanati, Dinah akiwafuata mbio, leso mkononi.

Muuguzi, dada mmoja aitwaye Jerono, alimdunga sindano, akangoja pumzi itulie, ndipo akachukua kalamu.

"Ulikula nini leo?"

Dinah alimjibia, kwa fahari: "Hakuna kitu mbaya, sista. Ugari, mboga na kumbikumbi. Hizo nampatia kira siku, apate nguvu."

Jerono aliweka kalamu chini.

"Si kumbikumbi," Nyaruai alisema upesi, kwa midomo ile ile iliyovimba. "Nimezikula miaka sita."

"Na umejikuna miaka mingapi?"

Nyaruai aliacha kujikuna.

"Mwili yako haizitaki, mama. Leo ni mdomo, kesho ni koo. Ukizikula tena usikuje kwangu, enda kwa yule fundi wa majeneza."

Mtu angetarajia afurahi. Miaka yote ile ya magome na maombi, na dawa ilikuwa kufunga mdomo tu. Lakini Nyaruai alijawa na haya. Alimtazama mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa akitazama sakafu. Walirudi nyumbani. Jioni Dinah aliwakusanya kumbikumbi wote waliokuwamo jikoni, akawapeleka kwa jirani.

Asubuhi alikuja akaketi kwenye kochi, kando ya mkamwana wake, mahali ambapo hakuwahi kuketi.

"Mimi Kikikuyu sijui," alisema. "Wewe Kibukusu hujui, na Kiswahiri yangu ni hii tu. Nilikuwa nakupatia hiyo kitu ndio ujue nakupenda. Sasa nitakuwa nakupatia nini?"

Nyaruai alilia. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hakuwa amejiandaa kwa swali hilo.

"Nipatie kazi, mama," alisema hatimaye. "Nimechoka na hii kochi."

Dinah alimkagua usoni, mdomo, macho. "Si leo. Leo bado umefura."

Alimhesabia siku tatu kamili. Siku ya nne, jua likiwa halijakuwa kali, wote wawili walikuwa shambani wakipalilia maharagwe. Nyaruai alikuwa nyuma kwa mistari miwili, na Dinah alimgombeza waziwazi kwamba anaacha magugu na kung'oa maharagwe. Nelima, mkuu wa wale mashoga, alipita njiani akasimama kwenye ua.

"Dinah! Huyo mgeni wako amepona?"

Dinah hakuinua kichwa.

"Mgeni gani?"