Mahubiri ya Wimbi

Kuna ibada moja nikiikumbuka hadi leo chai inanipalia. Ilikuwa Jumapili mchana, Adelphi, huku ughaibuni, kwa shangazi.

Binamu yangu alikuwa analala kwa kochi la shangazi huku akisomea fizikia chuoni. Sharti lilikuwa moja tu: asimwaibishe mbele ya watu wa fellowship, wanaokuja kusali sebuleni kwake. Mimi nilikuwa napaki magari ya wageni hotelini, Alexandria, mji wa jirani. Chuo sikuingia, lakini kopi za masomo yake nilizisoma nikingoja wateja, mpaka zikanishika. Wengi husema chembe kama elektroni ina tabia ya wimbi. Yeye alikuwa na wale wachache wanaosema wimbi si kitu, ni hesabu tu. Chukua njia nyingi za chembe, ziache zisukumane, majibu yatatoka yale yale ya wimbi. Nani mwingine hapo kwetu alikuwa anawaza hivyo?

Sasa akaja mhubiri mgeni, suti inang'aa kama sufuria mpya. "Sayansi imekubali! Wewe si nyama, wewe ni wimbi! Hata kama huna makaratasi, wimbi lako tayari ni raia!"

Na manesi wa fellowship yetu, wametoka zamu, macho mekundu, wanampigia makofi. 

"Tuko na mwanasayansi hapa," akasema. "Kijana, simama utoe ushuhuda."

Kwetu ukiitwa ushuhuda hukatai. Binamu yangu akasimama. "Bwana asifiwe."

"Asifiwe!"

"Mtumishi, mimi hilo wimbi sidhani lipo. Na hata lingekuwepo, halijui makaratasi ya mtu."

Mama mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mimi nikaropoka, "Waambie, bro!" Shangazi akanikata jicho.

Mhubiri akatabasamu, tabasamu la mafuta mafuta. "Wapendwa, nyoosheni mikono. Tukemee hii roho ya kutoamini."

Na wakanyoosha! Watu waliokula na binamu yangu kila Jumapili, viganja vyote vimemwelekea kama mgonjwa. Nilitaka kutema mate pale pale kwa zulia. Mikono yangu ilibaki mfukoni, na macho kwa shangazi, maana kochi ni lake, na sharti ni lake.

Shangazi alikuwa ameshika thamosi ya chai. Maombi yakapanda, yakashuka, hakuiweka chini anyooshe mkono. Walipomaliza akamimina kikombe cha kwanza, akampa binamu yangu. Kabla ya mgeni, nakwambia!

"Kunywa," akamwambia. "Na utoe viatu vyako hapo kwa kochi. Kila asubuhi naviruka."