Matandazo Pangoni

Sisi watu wa Nyaishozi hatuwezi kuona udongo mtupu tukatulia. Kibanja cha migomba kisichotandazwa majani makavu tunakitazama kama mtu aliyetoka nyumbani bila shati. Ndiyo maana tulipoanza kuchimba pango la kijijini kwetu na sakafu ikawa inateleza, hakuna aliyesubiri kuambiwa. Kila mmoja alikuja na mzigo wa majani ya migomba kutoka kwake, tukatandaza mpaka ndani.

Tulikuwa kikundi kidogo cha kujitolea, wakulima watupu, tukichimba kila Jumamosi. Aliyetuongoza ni mwalimu mstaafu. Ukuta wa nyuma wa pango ulikuwa na uwazi uliojaa tope, na juu ya tope palipenya upepo baridi. Mwalimu aliapa kwamba nyuma yake kuna chumba. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na binti yake alitaka kumhamishia Bukoba. Alimjibu kwamba atahama siku tutakapopenya. Basi nilichimba kuliko wote, nikitaka akione hicho chumba chake kabla hajaondoka. Tulilipunguza tope mpaka mkono wangu ukawa unapita hadi begani.

Ijumaa moja mvua ikanyesha ya kukata na shoka. Kesho yake tukakuta ziwa. Siku zote maji ya mvua yaliingia mlangoni na kutokomea kwenye shimo dogo pembeni, lakini safari hii yalikuwa yametuama, majani yetu yakielea juu. Tukachota kwa ndoo hadi mikono ikafa ganzi, na maji hayakupungua. Nikapandwa na hasira. Nilivua gambuti, nikaingia hadi kiunoni, nikalipapasa lile shimo kwa mguu. Lilikuwa limezibwa na matandazo, yameshindiliwa vizuri kuliko kibanja cha mama mkwe wangu.

"Mwalimu, tumelitandaza pango hadi likaziba!" nilimwambia.

"Tungelipanda na kahawa kabisa," akasema.

Tukayang'oa majani kwa mikono, na maji yakaondoka yakikoroma. Tulishangilia, na yalipokwisha tukasogea ukutani kutazama. Yalikuwa yameacha tope jipya, na uwazi wetu umeziba hadi juu. Upepo haukuwepo tena. Kazi yetu yote ilikuwa imekwenda na maji, na machozi yalinilengalenga kwa ajili ya mwalimu. Niliogopa hata kumtazama.

Yeye alikuwa ameketi juu ya ndoo, simu sikioni.

"Marahaba, mwanangu. Mvua? Imenyesha sana. Hapana, usije kunichukua, hatujapenya. Limeziba lote, tunaanza upya."

Akasikiliza kidogo. Bila shaka binti yake alikuwa anampa pole.

"Asante, nimeshapoa," akajibu kwa sauti ya msibani, huku meno yote yako nje.