Trela niliyomchagulia mkwe wangu

Leo farasi wa mkwe wangu ametoboa sakafu ya trela kwa mguu. Trela niliyoichagua mimi.

Eish.

Mnanijua. Mageti ya mtaa wetu wa Malvern karibu yote nimeyachomelea mimi! Ndiyo maana huyo mkwe, Baraka, akanipeleka Midrand nimkagulie trela ya alumini, ya mtumba.

Nikagonga ubavu. Nikatafuta kutu. Hakuna hata doa!

Baraka akasema, "Baba, tuinue huu mkeka wa mpira tuone sakafu?"

"We kijana, unanifundisha mimi chuma?"

Muuzaji akacheka. Baraka akanunua. Tukampitia farasi, tukampakia.

Kumbe alumini haipati kutu. Mkojo wa farasi unaila polepole chini ya mkeka, inageuka unga mweupe. Huo unga nimeuona sakafu ilipokwisha kuachia, pale kwenye robot, taa za barabarani za Kensington.

Farasi yuko hai, ila ule mguu haukanyagi. Na huyo ndiye anayelisha wajukuu wangu, hubeba watoto kwenye sherehe za watu.

Baraka hajanilaumu. Amesema tu, "Pole baba, umechoka. Twende nikurudishe nyumbani."

Angenitukana, jamani, ningejitetea. Sasa nimwambie nini?