Sala Yenye Jani Mdomoni

Bonde lenye giza nene, lisiloona mchana,
Walipita wasinene, kwa kuogopa majina.

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajua kulima wala kusoma, nilikuwa na kazi moja ya heshima: nilikuwa macho ya bibi yangu. Tulimwita Koko, kama watoto wa kwetu wanavyowaita wazazi wa wazazi wao. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akimwachia ukungu tu, na ndani ya ukungu huo vivuli vya watu. Basi mimi nilishika ncha ya mbele ya fimbo yake, naye akashika ya nyuma, tukaenda hivyo kanisani, tukaenda hivyo kwenye shamba la mpunga, na mara chache, tena kwa shingo upande, tukavuka Kamisuku.

Kamisuku ni bonde la maji yaliyolala, kwenye njia ya miguu inayotoka kwetu, upande wa Lusangi, kuelekea machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Miti ya miwale imesongamana humo, makuti yake yamefumana juu hata jua la adhuhuri likifika chini huwa na rangi ya chai iliyolala. Njia yenyewe ni magogo yaliyolazwa juu ya tope. Ukikanyaga gogo la huku, maji hupumua kule mbali, mahali ambapo hukukanyaga.

Wazee walisema kwamba misafara ya zamani, ile ya pembe na ya watu waliofungwa minyororo, ilipita humo ikienda Kasongo na Nyangwe. Aliyeshindwa kutembea alifunguliwa, akaachwa majini. Hakuna aliyemzika, wala hakuna aliyemlilia kwa kumtaja. Ndiyo maana wakaao Kamisuku waliitwa Wasiozikwa, na ndiyo maana walisemekana kuwa hawana majina. Ukitamka jina bondeni, liwe lako au la mwenzio, wanalichukua na kulivaa kama nguo. Mwenye jina atafika kwake salama. Ila ukimwita hatageuka, na baada ya muda mfupi atalala asiamke. Na ukisikia umeitwa humo, usiitike.

Kwa hiyo kila mtu, kabla ya kuteremka, alichuma jani pana la kichaka kilichoota kwenye mteremko, akalikunja, akalibana kwa midomo. Jani lilikuwa kufuli. Ukifika ng'ambo ulilitema, ukalikanyaga. Pande zote mbili za bonde palikuwa na chungu ya majani makavu yenye alama za meno, na mimi niliogopa chungu zile kuliko maji yenyewe.

Koko alikuwa Mkristo, tena si wa kuhesabiwa tu. Kanisani hakupiga magoti. Alisimama, akaomba kama mtu abishaye hodi kwa jirani huku akijua kuwa jirani yumo ndani na anamsikia. Hakubembeleza. Alitaja shida kwa jina lake na mgonjwa kwa jina lake, kisha akasema amina na kukaa, kana kwamba lililobaki halikuwa juu yake tena. Hata hivyo, tulipofika Kamisuku alinyoosha mkono nimpe jani, kama watu wote. Siku moja nilimuuliza kama Mungu hashuki bondeni.

"Anashuka," alinijibu. "Lakini Yeye pia anajua kunyamaza. Si kama weye."

Sikuona mgongano wowote katika hayo, wala sidhani kama yeye aliuona. Watu wengi wa kwetu waliishi hivyo, na huenda tunaishi hivyo bado: sala ina mahali pake, na jani lina mahali pake.

Asubuhi moja ya majira ya kupanda, Saidi alifika uani kwetu. Alikuwa kijana wa Uvira, Mwislamu, aliyechimba shimo moja na baba yangu kule Salamabila. Wawili hao walitaniana kuhusu dini zao tangu asubuhi hadi jioni na hawakugombana hata mara moja. Alimsalimu Koko, akatazama huku na huku kama anayetafuta kiti, kisha akauliza, "Musafiri iko wapi? Iko shambani?"

Musafiri alikuwa baba yangu. Koko alisema kwamba hajafika.

Uso wa Saidi ulibadilika. "Koko, yeye alinitangulia. Jana asubuhi. Alisema anakuja kusaidia kupanda mupunga."

Kuku walidonoa karibu na miguu yake. Halafu Saidi, akiitazama mikono yake, akatuambia kwamba asubuhi ile, alipokuwa akivuka Kamisuku, alisikia kitu upande wa miwale. Hakikuwa sauti hasa. Kilikuwa kama mtu anayepiga mti kwa kiganja, polepole, akipumzika kila anapopiga.

"Na weye ulifanya nini?" Koko aliuliza.

"Nilikaza meno kwa jani, Koko. Nikapita. Si ndivyo mulinifundisha?"

Koko alitafuta fimbo yake ukutani, akaninyooshea ncha ya mbele.

Tuliondoka pamoja na Saidi, mchungaji wetu na wanaume wachache wa kijiji waliobeba mapanga na kamba. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, lakini kutoka juu ya mteremko bonde lilionekana kama chungu kilichojaa mvuke. Wanaume wakachuma majani. Mchungaji naye akachuma lake. Hata leo simlaumu. Alikuwa mtu mwema, na alizaliwa kilomita chache tu kutoka hapo. Akasema, "Tuombe moyoni. Mungu anasikia hata ya moyoni." Wakainamisha vichwa, kisha wakafunga midomo yao.

Nilimpa Koko jani lake, akalibana kwa midomo kama siku zote. Tukateremka.

Nimejaribu mara nyingi kulieleza lile bonde kwa watu wa mjini, na kila mara nashindwa. Si kwamba palikuwa na kitu cha kuona. Ni kwamba kila kitu kilionekana kama kimeacha kufanya jambo fulani mara tu tulipofika. Vyura walikuwa wamenyamaza. Ukungu ulikaa kiunoni mwetu, hivyo wanaume walionekana kama nusu za watu zinazoelea kwa mstari. Kila mmoja alitazama miwale, akasikiliza, wala hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake alichosikia. Tulikuwa tunamtafuta mtu, na hapakuwa na hata mmoja kati yetu aliyeweza kumwita.

Tulipofika katikati, fimbo ilisimama. Nikageuka. Koko alikuwa ameinua uso, mdomo umefungwa kwa lile jani, na nikaona machozi yakishuka kutoka katika macho yake meupe. Halafu akalitoa jani mdomoni. Hakulitupa kwa hasira. Aliliachia tu, likaelea majini.

Mchungaji aliruka kutoka gogo moja hadi jingine, akamshika bega, akatikisa kichwa. Koko akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akisemea uani:

"Muchungaji, ya moyoni ni yangu na Mungu. Mutoto wangu hawezi kuisikia. Kama Musafiri iko mu hii maji, anasikia nini sasa? Anasikia watu wanapita tu."

Kisha akasimama wima juu ya gogo, akaomba. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu hayakuwa mengi.

"Bwana, ni mimi Anjelani. Unanijua. Ninamutafuta Musafiri, mutoto wangu. Siwezi kuona, na hawa wenye macho hawaoni pia. Weye unaona. Nionyeshe kwenye iko. Sitaondoka hapa bila yeye. Amina."

Majina mawili, ndani ya Kamisuku, kwa sauti ya kanisani. Mmoja wa wale wanaume alijiziba masikio, kana kwamba hatari ilikuwa katika kusikia. Mimi nilihisi fimbo ikitetemeka mkononi mwangu, na nikajua kuwa mtetemeko ulitoka upande wake.

Ukungu haukusogea. Maji hayakusogea. Ndipo, kutoka mkono wa kulia, ndani kabisa ya miwale, ikaja sauti moja ya kiume, safi, isiyo na haraka:

"Mama."

Saidi alilitema jani lake bila kujua. "Koko, usiitike! Ninakuomba, kwa Mungu, usiitike!"

"Ninaitika," Koko akasema. "Niliomba. Nikijibiwa, ninyamaze?" Akageuzia uso upande wa sauti, akaita, "Ee, mwanangu! Nakuja!" Halafu akaniambia mimi, "Haya, macho, twende."

Tukashuka kwenye magogo, tukaingia topeni. Lilinifika kifuani, na Saidi akaninyanyua na kunibeba mgongoni, ncha ya fimbo ikiwa bado mkononi mwangu. Wengine walifuata, nadhani kwa aibu zaidi kuliko kwa imani. Hatukwenda mbali. Nyuma ya shina la mwale lililoanguka tukamkuta baba yangu. Mguu wake ulikuwa umebanwa chini ya shina hilo, naye ameketi ndani ya maji hadi mbavuni, kichwa kimeegemea, kiganja kimoja kimelala juu ya gome. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa hai.

Koko alimpapasa uso kuanzia paji, akateremka puani, akafika mdomoni, na hapo vidole vyake vikasimama. Kati ya meno ya baba yangu palikuwa na jani. Taya zilikuwa zimekaza kwa homa na baridi hata jani lisiweze kutoka. Ilibidi Saidi aingize ncha ya kijiti, taratibu, ndipo mdomo ukafunguka. Ulimi ulikuwa umevimba kama kitu kisicho chake. Baba hakuweza kutamka neno lolote siku ile wala kesho yake.

Tulitazamana. Sina haja ya kueleza tulichokuwa tukiuliza.

Baadaye, alipopata kusema, baba alitueleza kwamba alikwepa magogo yaliyooza, na huko pembeni shina likamwangukia mguuni. Alimsikia Saidi akipita. Aliwasikia na wengine kabla yake. Mwanzoni hakuita, kwa kuwa alifundishwa kutoita. Alipokata shauri kuita, mdomo haukufunguka tena. Akapiga mti, nao waliposikia wakaongeza mwendo. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kama siku ile alisema "Mama". Akasema, "Nilitaka."

Mchungaji, katika mahubiri ya miaka iliyofuata, alisema kuwa ile sauti ilikuwa mwangwi wa sauti ya Koko. Labda. Lakini bonde la tope na makuti halirudishi sauti, huimeza. Zaidi ya hayo, katika sala yake Koko hakulitaja neno "Mama". Wengine walinong'ona kwamba mmoja wa Wasiozikwa ndiye aliyemwonyesha njia, na wakataka kujua mwanamke wa kanisa alipatana nao vipi. Koko alipoulizwa, alivuta ugoro wake, akapiga chafya, akasema, "Mimi nilimuomba Mungu. Yeye hakuniambia atatumia mdomo wa nani. Si kazi yangu kumuuliza."

Mimi sasa ni mtu mzima, mtunga mashairi, na nimezisikia sala nyingi. Nimewasikia waombao kwa kupaza sauti ili jirani ajue kuwa wanaomba, na waombao kwa maneno ya adabu yaliyopangwa kama mashairi yangu mwenyewe, vina vimelingana, mizani imetimia, wala hakuna aombaye lolote. Kwa muda mrefu nilidhani ujasiri wa kuomba ni kutokuwa na hofu. Lakini mimi nilishika ncha ya ile fimbo. Najua jinsi alivyotetemeka. Aliamini kila neno walilosema wazee kuhusu bonde lile. Hakuacha kuliamini siku ile wala baadaye. Alichokataa ni kumwambia Mungu jambo la kweli kwa mdomo uliofungwa, halafu, alipojibiwa, kujifanya hakusikia.

Nayo sauti haikuishia pale, na hili ndilo ambalo mahubiri hayakulitaja.

Wanaume walikuwa wamekwisha kumtoa baba chini ya shina, wamemlaza juu ya mabega yao, wakirudi kwenye magogo, ilipokuja tena. Safari hii ilitoka nyuma yetu, mbali, upande ambao hakuna njia. "Mama." Kisha ikatoka upande mwingine, nyembamba zaidi, kama ya mtoto. "Mama."

Hakuna aliyesema tukimbie. Walimkumbatia baba yangu wakakimbia naye, magogo yakilia chini ya miguu yao. Mchungaji alikimbia, na Saidi alikimbia nami mgongoni. Nilipiga kelele kwamba tumemwacha Koko, kwamba haoni, kwamba fimbo yake nimeiachia. Saidi hakusimama hadi juu ya mteremko. Koko alikuja kutoka baadaye, akigonga magogo mbele yake moja baada ya jingine, nguo imelowa hadi kifuani, naye akauliza kwanza kama Musafiri amepewa uji. Lakini wakati ule hatukulijua hilo.

Kutoka mgongoni mwa Saidi nilitazama chini. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Nilimwona bibi yangu katikati ya miwale, uso umeelekea kule sauti zilikotoka, mikono imefunguka, na maneno yake yakapanda hadi kwetu, polepole, bila kupazwa:

"Bwana, hawa pia wanaita mama. Mimi siwajui. Majina yao iko kwako."

Wengine wote walioingia Kamisuku siku ile walikuwa wamekwisha kutoka. Koko peke yake ndiye aliyebaki amesimama.