Saa ya Baba Kwenye Mkono wa Mama

Fundi saa amesugua mkanda wa chuma, na vumbi jeupe limedondoka mezani. Nimelinusa: unga wa makopa, mihogo mikavu.

Baba alikuwa mzamiaji bandarini Mtwara. Saa yake ya kuzamia haikuwa na betri; iliendeshwa na mtikisiko wa mkono wa aliyeivaa, na mkono ukitulia, ilisimama. Alipolazwa hospitali, mama aliivaa, akaipandisha karibu na kiwiko, akashika mchi.

"Mama, hiyo ya baba!"

"Najua, mwanangu. Akirudi aikute inatembea."

Makopa yetu yalipoisha, akatwanga ya majirani.

Siku aliyorudi, baba aliiweka saa sikioni kabla hajaketi. Kisha akayapuliza malengelenge kwenye viganja vya mama, taratibu, mbele yetu sote.

"Niendelee kusafisha?" fundi ananiuliza.

"Hapana, kaka. Hapo panatosha."