Niliitaja Saa ya Wengine

Niseme tu wazi: wifi yangu namwonea wivu, na unaniuma mpaka leo.

Mimi ni fundi simu hapa Matongo, na kuandika programu nimejifunza mwenyewe. Wifi, dada wa mume wangu, anafanya kazi Natta kwenye kambi ya watalii, naye pia huandika programu. Kambi ilipotaka programu ya saa janja za madereva wao, ya kuwatikisa mkono jua likikaribia kuzama ili wawahi kurudi, sote wawili tukaingia kazini. Itakayotangulia kuonekana kwenye duka la programu la kampuni inayotengeneza saa hizo ndiyo itakayochukuliwa. Na mimi ndiye niliyemaliza kwanza, haki ya Mungu!

Yakabaki maelezo ya dukani. Sasa, kwetu mtu akisifu dume lake la ng'ombe hataacha kutaja dume la jirani lililolikimbia. Bila hivyo umesifu nini? Nami nikaandika hivyohivyo: programu hii haimalizi chaji kama zile za saa za kampuni nyingine. Kampuni yenyewe nikaitaja kwa jina. Duka likaikataa. Sheria yao hairuhusu kutaja saa za washindani.

Makubwa! Mwenye akili angefuta ile sentensi, yakaisha. Mimi nikawaandikia kubishana: nilichosema ni kweli, wapime wenyewe. Wakanirudishia sheria ileile. Nikabisha tena. Huku nyuma wifi kamaliza yake, kaandika maelezo ya mistari miwili mikavu, haina sifa wala jirani, ikapita. Kambi ikamchukua. Yangu ilikubaliwa baadaye, nilipofuta, wakati haina tena pa kwenda.

Mume wangu akapewa saa na dada yake. Anaivaa hata akikamua ng'ombe, na kila jioni ikimtikisa anacheka peke yake. Nilikuwa nanuna mpaka ugali unanishinda.

Jumapili moja baada ya ibada, wageni walijaa kwa mama mkwe. Nikaingia na birika la chai, nikawaamkia wazee shikamoo. Mama mkwe akamshika wifi bega.

"Huyu ndiye mwenye ile programu ya kambini," akawaambia. "Na huyu mkamwana wangu naye alikuwa na ya kwake. Hodari kweli huyu! Lakini binti yangu kampita."

Wakapiga vigelegele, kisha wakanigeukia kunitazama vizuri. Nikatabasamu na kuendelea kumimina chai. Siku hiyo nilitamani, kwa roho yangu yote, mama mkwe naye angekuwa na sheria kama ya lile duka.