Matanga Yasiyo na Maiti

Mwaka ule nililala. Sina namna nyingine ya kusema. Nilikuwa fundi cherehani sokoni Koboko, wateja wangu wakitoka Ludara na hata ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na asubuhi moja nikashindwa kuamka. Sikuwa na homa. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeniacha; mwanamume niliyekuwa naye nilimfukuza mwenyewe zamani na sijajuta hadi leo. Ningekuwa na msiba ningeueleza. Sikuwa nao, na hiyo ndiyo aibu iliyonifungia mlango.

Nilipanga chumba kimoja katika safu ya vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja, kuta nyembamba. Mtu wa chumba cha mwisho akikohoa, wa kwanza anampa pole. Nilijifunza kulia bila sauti. Nilijifunza kwenda chooni wakati wenzangu wako sokoni. Sare za shule nilizopewa kushona zilikaa kwenye gunia, na kila mzazi aliyegonga nilimwacha agonge mpaka achoke.

Dada yangu mkubwa alikuja kunichukua, akanipeleka kwake Arua. Mchungaji wake aliniombea siku tatu, kisha akaniuliza nimeficha dhambi gani. Nilikasirika sana, na nadhani hasira ile ndiyo iliyoninyanyua kitandani siku ya nne, dada aliponipeleka kwa mama mmoja, mteja wake dukani, aliyejifunza ibada ya Kibudha ya Kijapani alipokuwa anaishi Kampala. Nilicheka moyoni. Kanisa limeshindwa, sasa tunaagiza kutoka Japani, kama magari.

Yule mama hakuniuliza dhambi. Alifungua kisanduku cha mbao kilichokuwa na karatasi ya maandishi ya Kijapani, akanipa shanga, akanifundisha maneno machache ya kurudia, yaleyale, kwa sauti moja, bila kukatisha.

"Mimi siamini hii kitu," nilimwambia.

"Kuamini haiko kazi yako leo," alisema. "Kazi yako ni kusema tu."

Nikasema. Mwanzoni nilijiona mjinga. Baadaye kifua kikaanza kutetemeka kama meza ya cherehani, na kwa muda wa kama nusu saa sikufikiria kufa. Kwa mtu aliyekuwa anakifikiria kifo tangu anafumbua macho, nusu saa ni nyingi.

Nilirudi Koboko na zile shanga, na hapo nikafanya ujinga. Niliogopa majirani. Mwenye nyumba alikuwa Hajati, mjane wa Kinubi ambaye hakukosa swala hata moja. Chumba cha pili aliishi mama wa kwaya, niliyekuwa nimegombana naye kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Wangesema naita majini. Kwa hiyo nilitamka maneno yangu chini ya blanketi, kwa kunong'ona, mdomo kwenye mto. Baada ya wiki mbili hata kunong'ona kuliisha. Giza lilirudi na kuta zikanisogelea. Nilitaka kufa, nasema wazi, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria namna.

Jumanne moja mchana nilikaa sakafuni, nikaelekea ukuta. Nilijua kwamba nikinyamaza siku ile sitafika jioni. Nikafungua mdomo na sauti ikatoka yote, mbaya, yenye kamasi na machozi ndani yake, nami sikuthubutu kuikatisha. Kilichopita nje sikukisikia mpaka kuni zilipotupwa chini mlangoni kwangu.

Kwetu, sauti ya mwanamke ikiendelea ndani ya nyumba bila kukoma, hakuna anayesubiri kuuliza. Watu wanabeba kuni, unga na maji, wanakuja kukaa. Maswali ni baadaye. Nilipofungua mlango ua ulikuwa umejaa. Turubai lilikuwa limeshafungwa kwenye paa, moto umewashwa, na mama wa kwaya, yule wa kamba, alikuwa na beseni la unga wa muhogo kichwani na machozi mashavuni. Alikuwa ananililia mtu wangu asiyemjua.

Hajati alinishika mikono. "Fundi, pole. Nani amekufa?"

Ningeweza kumtaja shangazi wa Kongo ambaye hakuwahi kuwepo. Jina lake lilishafika mdomoni.

"Hakuna mutu amekufa, Hajati," nilisema. "Ni mimi. Nataka kufa. Hii maneno ndiyo iko inanizuia."

Nilingoja wacheke, au waanze kukusanya kuni zao. Mama wa kwaya alitua beseni.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mvua ya kwanza."

"Na mimi niko hapa, ukuta moja!" Alisema kwa ukali, kana kwamba nimemwibia. "Kwa nini hukuita?"

Hajati akatandika mkeka. "Moto imewaka, unga iko. Tutakaa," akasema, na wakakaa, watu wazima, matangani pa mtu aliye hai, wakanilisha kwa mikono yao. Kesho yake Hajati alinipeleka hospitali mwenyewe, kwa boda, akikaa nyuma yangu ili nisianguke. Dawa nameza bado.

Jioni ile ya kwanza, kabla hawajatawanyika, nilimwomba Hajati radhi kwa kelele, nikamwahidi kwamba nitarudi kunong'ona.

"Wapi!" alisema. "Ufanye kwa nguvu, kila asubuhi. Siku hatutasikia wewe, tutavunja mulango."

Ugonjwa haujahama, ila sasa nashona. Na kuna asubuhi ambazo siamini chochote, wala Buddha wala kesho, na ningependa sana kunyamaza. Lakini najua upande wa pili wa ukuta mama wa kwaya amesimamisha ufagio wake. Nafungua mdomo, naanza, na baada ya muda nasikia anaendelea kufagia.